Polepole kwa baiskeli, kutoka Mida hadi Sabaki

MSOMAJI mpenzi, ni lini mara ya mwisho ulipopanda baiskeli? Kama wewe ni mkazi wa jiji kama mimi, huenda jibu lako ni lile nililompa mwanangu aliponiuliza: "Zamani, kabla hujazaliwa." Baiskeli wengi wetu tuliiacha kijijini pamoja na ng'ombe na kisima, tukaja mjini kugombania viti vya matatu.

Kijana huyo wangu ana miaka 16. Mimi naye tulikuwa tumefika mahali ambapo mazungumzo yetu yote ni nauli na karo. Asubuhi natoka angali kitandani, usiku narudi amekwisha kulala. Mamake ndiye aliyesema neno: "Baba fulani, mchukue huyu mtoto mwende mahali mkae pamoja, kabla hajawa mgeni humu ndani." Likizo ya Desemba ilipofika nikaamua kumpeleka pwani. Si pwani ya kujilaza ufuoni na kunywa soda, la hasha! Nilitaka tuizunguke kwa magurudumu mawili, bila pupa. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Nami naongeza kwamba mwenda pole huona mengi.

Tulipanda treni hadi Miritini, kisha matatu kupitia Kilifi mpaka njia panda ya Gede, na kutoka hapo tukateremka Watamu. Baiskeli si shida kupata Watamu wala Malindi. Ziko za kukodisha kwa siku. Kijana akachagua moja yenye gia chungu nzima. Mimi nikaangukia ile nyeusi ya kizamani, yenye chuma kizito na keria pana nyuma, ambayo wazee wetu walibebea magunia na wake zao. Sikuangalia tairi vizuri. Kosa hilo nitalirudia baadaye.

Hori ya Mida

Siku ya kwanza tuliitenga kwa ajili ya Mida. Hii ni hori, yaani mkono wa bahari ulioingia bara nyuma ya Watamu, wenye ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 32. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968. Ukifika maji yakiwa yamejaa utadhani ni ziwa tulivu. Ukifika maji yakiwa yamekupwa, utaona uwanda wa matope unaong'aa juani, na vijito vyembamba vikipinda-pinda kama nyoka.

Kwa hivyo, kabla hujakanyaga pedeli, uliza habari za maji. Bahari ya kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa hubadilika siku hadi siku. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, huja bamvua, ambapo maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku za katikati ni za maji mafu, na tofauti huwa ndogo. Mvuvi yeyote atakuambia saa ya maji bila kutazama karatasi. Ukitaka kuona ndege, nenda maji yakianza kujaa, kwa sababu hapo ndipo bahari inapowasukuma karibu na nchi kavu.

Wanakijiji wa Mida wana njia ya mbao iliyoning'inizwa juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Baiskeli tuliziacha chini ya mti, tukatembea juu ya ubao unaoyumba. Mwelekezi wetu, msichana wa hapo hapo, alitufundisha kuwa mikoko si mti mmoja. Mkoko wenyewe husimama kwa mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa. Mchu huchomoza mizizi yake juu ya matope kama penseli elfu zilizochomekwa, ili ipumue. Kuna mkandaa, muia, mlilana na mkomafi. Miti hii ndiyo iliyotoa boriti zilizoezeka nyumba za mawe za Lamu na Mombasa, na ambazo kwa karne nyingi majahazi yalizipeleka Uarabuni, kwenye nchi zisizo na miti. Chini ya mizizi yake samaki na kamba hukulia. Ukikata mikoko yote leo, kesho usiulize samaki wamekwenda wapi.

Kisha tukawaona ndege. Kulikuwa na wadogo wa kijivu waliotoka Siberia kukimbia baridi. Kulikuwa pia na mla-kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Huyu hutaga yai lake ndani ya shimo alilochimba mchangani, huko kwenye fuo za Somalia, Bahari ya Sham na Ghuba ya Uarabuni, kisha huja Mida kula kaa. Kijana wangu, ambaye nyumbani hainui macho kwenye simu, alikaa kibandani saa nzima. Simu ilikuwa mfukoni. Sikusema neno, nikaogopa kuharibu.

Mji uliokosa maji

Siku ya pili tulidamka alfajiri. Kutoka Watamu hadi Gede ni mwendo mfupi. Upande wa pili wa barabara kuu unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita mraba zipatazo 420. Ndio msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake uliobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Humo anaishi sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama wa ukubwa wa sungura mwenye pua kama mkonga mdogo. Baiskeli huruhusiwa kwenye baadhi ya njia, lakini usiingie bila mwelekezi, maana mna ndovu na nyati.

Magofu ya Gede yamo ndani ya miti mikubwa, na hewa yake ni baridi hata saa sita. Huu ulikuwa mji wa Waswahili wenye msikiti mkuu, jumba la mfalme na nyumba zenye vyoo vya ndani. Kaburi mojawapo limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. James Kirkman alipoanza kuuchimbua mwaka 1948 alipata vyombo vya kaure kutoka Uchina. Mwaka 2024 shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Nje tu ya magofu kuna mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo na kuuza buu zao ng'ambo. Mtu apataye karo ya watoto kutokana na kipepeo hana haja ya kukata mti anaolisha kipepeo huyo.

Lakini kilichomshika kijana wangu ni kisima. Kando ya msikiti mkuu kuna kisima kirefu, na waliouchimbua mji wanasema kiliongezwa kina, kwa kuwa maji yalikuwa yakizidi kushuka. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Wengine hutaja vita na uvamizi, wengine hutaja maji, na huenda yote yalichangia. Kijana akainama ukingoni akatazama chini. "Baba," akaniuliza, "mji mzima unaweza kuhama kwa sababu ya maji?" Nikamwambia inawezekana. Akanyamaza.

Kutoka Gede hadi Malindi ni kilomita kama 16 za lami. Upepo wa kaskazi ulitupiga usoni njia nzima. Malori nayo hupita kwa kasi, hivyo tulifuata vijia vya kando panapowezekana, kati ya mikorosho, minazi na mashamba ya mihogo. Watoto walitukimbilia wakicheka mzee anayehema juu ya baiskeli nyeusi. Mama mmoja alituuzia madafu, akanitazama nilivyolowa jasho, akasema, "Pole baba, gari limeharibika?" Hakuamini nilipomwambia kuwa nimelipa pesa zangu ili nitaabike.

Mto wa rangi ya chai

Malindi ni mji wa kuzunguka kwa baiskeli jioni jua likipoa. Tulikwenda hadi kwenye mnara wa Vasco da Gama, Mreno aliyetia nanga hapa mwaka 1498 akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Ukisimama pale Desemba ukatazama baharini, utaona jambo la ajabu. Maji si ya buluu kama ya Watamu. Ni ya hudhurungi, kama chai iliyotiwa maziwa. Ufuo wa mji nao umepanuka mno kwa mchanga, na bahari iko mbali na mahali ilipokuwa zamani.

Tope hilo huletwa na mto Sabaki, unaoingia baharini kilomita chache kaskazini ya mji. Miezi ya kaskazi, upepo na mkondo huusukuma uchafu wa mto kusini, ukapita mbele ya Malindi hadi kwenye matumbawe ya mbuga ya bahari. Matumbawe hupenda maji maangavu. Tope likiyafunika hukosa mwanga na kufa. Miezi ya kusi, tope huelekea kaskazini, na Malindi hupata ahueni.

Siku ya tatu tukaufuata huo mto. Ukivuka daraja la Sabaki, upande wa kulia kuna njia ya vumbi inayoelekea mlangoni mwa mto. Hapo, msomaji, ndipo mahali ambapo ningependa uwapeleke wanao. Kuna vilima vya mchanga, vinamasi vyenye nyasi, visiwa vya tope vinavyojitokeza na kuzama kwa maji ya bahari, na katikati mto mpana usio na haraka. Viboko wamo, na mamba pia wamo, kwa hivyo usikaribie ukingo ovyo. Tulibahatika kuwaona heroe, mstari wa waridi juu ya maji mekundu. Huja na kuondoka wapendavyo. Siwezi kukuahidi kuwa utawakuta.

Tulikaa hadi jua likaanza kuteremka. Tulipogeuza baiskeli, ile nyeusi yangu ikatoa mlio wa "fyuuu!" Mwiba wa mgunga ulikuwa umepita kwenye tairi lililochakaa kama karatasi. Pampu niliikumbuka, viraka nilivisahau. Na jioni ndio wakati viboko wanapotoka majini kwenda kula nyasi. Ama kweli nilijuta. Tukasukuma kwa miguu hadi kijijini, na hapo tukamwona mzee mmoja chini ya mkorosho, ana sanduku la vyuma na baiskeli iliyopinduliwa.

"Shikamoo, mzee," tukaamkia.

"Marahaba, wanangu. Mwatoka wapi na jioni hii?"

"Nairobi."

Akacheka. "Kwa baiskeli?"

Akamwagiza kijana wangu alete maji kwenye karai, apate kutafuta tundu. Maji yaliyokuwa kwenye ndoo pale yalitoka mtoni. Mzee akautumbukiza mpira, na mapovu yakapanda kutoka ndani ya maji ya rangi ya chai. Kijana, aliyekuwa ameshika karai, akauliza, "Babu, maji haya huwa hivi siku zote?"

"Yategemea kwenu kumenyesha vipi."

"Kwetu wapi?"

"Nyinyi si watu wa Nairobi? Mto huu ni wenu. Sisi huku tuko mkiani tu."

Kijana akanitazama. Somo hilo nililisoma zamani nikalifaulu mtihani, kisha nikalisahau. Nikachukua kijiti nikachora mchangani. Mto Athi huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi. Mto Nairobi wenyewe humiminika ndani ya Athi. Athi hupita maporomoko ya Fourteen Falls, ukaambaa Ukambani chini ya uwanda wa Yatta, ukakutana na mto Tsavo na kuitwa Galana. Galana ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Ni mto mmoja tu, kilomita zipatazo 390, na kwa urefu nchini unafuata Tana. Udongo wa mashamba yasiyo na matuta huteremka nao, na chochote kingine kilichotupwa humo.

"Ndio ule wa nyuma ya mtaa wetu?" akauliza.

"Ndio huo."

Akaweka karai chini. "Ule ambao mimi hutupa takataka?"

Msomaji, nitakuambia ukweli, ingawa nauona haya. Mtoto huyo hakujituma. Gari la taka lisipopita mtaani kwetu wiki moja au mbili, mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia, "Kijana, hebu toa huo mfuko, utupe kule chini." Kule chini ni mtoni. Sote mtaani twafanya hivyo, na gizani hakuna anayemwona mwenzake. Nilitaka kusema neno la kujitetea, nikalikosa. Nikasema, "Mimi ndiye niliyekutuma."

Mzee hakutukemea. Aliendelea kukwaruza mpira kwa msasa, akapaka gundi, akaipuliza ikauke. Alitueleza kwamba mwaka 1997, mvua za El Nino zilipokuja, mto uliruka kingo ukala shamba lake la migomba, na maji yalipokwenda yalimwachia tope na vitu ambavyo hakuvipanda. Alisema mifuko ya plastiki imepungua tangu ilipopigwa marufuku mwaka 2017, lakini chupa na kandambili zingali zaja. "Kandambili za mguu mmoja," akasema. "Sijawahi kuletewa jozi." Tukacheka wote watatu.

Akatusimulia pia habari ya Mekatilili wa Menza, kama wasimuliavyo wazee wote wa huko. Mwaka 1913 Waingereza walimpeleka uhamishoni Kisii kwa sababu aliwahamasisha Wagiriama, naye akatoroka akarudi kwao kwa miguu. Mwaka 1914 wakataka Wagiriama wahame ukingo wa kaskazini wa Sabaki, huu huu tuliokuwa tumesimama, kwa kuwa ardhi yake ni nzuri. Nyumba zikachomwa na watu wakauawa. "Lakini tungaliko," mzee akasema, akapiga kiraka kwa ngumi. "Mto huu haukutushinda, na Mzungu hakutushinda. Sasa twangoja kuona kama nyinyi mtatushinda."

Alitoza pesa kidogo mno. Nilipotaka kumwongeza, alikataa akasema ninunue tairi jipya.

Mambrui na kurudi

Usiku huo tulilala Mambrui, kilomita kadhaa mbele, mji mkongwe wa Kiislamu juu ya ufuo, ambako mwaka 2010 wachimbaji kutoka Uchina na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walipata sarafu ya Kichina ya karne ya 15. Ukiwa na siku ya nne, endelea hadi Gongoni uone mashamba ya chumvi, ambapo maji ya bahari hukaushwa na jua kwenye madimbwi makubwa, kisha upinde hadi Ngomeni. Kutoka ufuo wa Ngomeni utaona majukwaa ya chuma baharini. Pale, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Wanafunzi wangapi wa fizikia wanalijua hilo?

Kurudi kulikuwa rahisi. Upepo ule ule uliotupiga usoni sasa ulitusukuma mgongoni. Kijana alikuwa mbele, lakini kila akifika kilele cha mlima mdogo alisimama akaningoja. Tulizungumza njia nzima, mambo ya shule, mambo ya wasichana hata, na mambo ambayo sitayaandika gazetini.

Ukitaka kwenda

Ikiwa safari hii imekuvutia, zingatia haya. Anza saa kumi na mbili asubuhi, upumzike saa tano hadi saa tisa, maana jua la Desemba halina huruma. Julai hadi Septemba ni poa zaidi, ingawa ndege wa kutoka ng'ambo huwa wachache. Aprili na Mei uiache, njia ni tope tupu. Chukua maji mengi, kofia, viraka, gundi na pampu. Kagua tairi, breki na mnyororo kabla hujalipa. Kwenye barabara kuu mwende mmoja nyuma ya mwingine, na mvae helmeti. Usipite vinamasini bila mwenyeji. Ukifika kijijini, amkia kwanza. Picha baadaye, na kwa ruhusa. Kwa familia yenye watoto wadogo, Watamu hadi Mida na Gede yatosha. Kilomita 15 kwa siku si aibu.

Sisi tulirudi Nairobi Jumapili. Jumanne gari la taka halikupita. Jumamosi halikupita pia, na mfuko ukajaa mlangoni ukaanza kunuka. Mamake akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Kijana akauchukua mfuko, mimi nikachukua wa pili, tukatembea nao hadi kwenye jaa la soko, mwendo wa dakika 20, tukipita juu ya daraja. Maji chini yalikuwa meusi. Kijana akasimama kidogo.

"Baba," akasema, "mpaka Sabaki huchukua siku ngapi?"

Sikujua. Tukaendelea kutembea, mifuko mikononi, tukikisia.